Fremu za Mbao za Mzinga

Nianze na mbao, maana bila mbao mimi nisingekuwamo kabisa kwenye habari hizi za picha.

Mimi ni mrina asali wa huku Inyonga. Shule niliishia darasa la tatu. Haya ninayaandika polepole kwenye daftari, mke wangu akipita ananiuliza kama naandika wosia. Namwambia sina cha kurithisha. Anasema basi andika haraka uje ule.

Mbao zenyewe zilikuwa za mizinga mibovu. Mzinga wa sanduku ukikaa porini miaka mingi, mchwa wanakula chini, mvua inakula juu, lakini ubavuni mbao inabaki nzima, nyekundu, nzito, imelewa asali. Nilikuwa nimezirundika nyuma ya nyumba. Mke wangu alitaka kuzipikia. Kila siku, "Hizi mbao unazilea ili zije kuwa nini?" Jibu sikuwa nalo, mpaka alipokuja mama mmoja wa Mpanda mjini, kamera shingoni, akaziona akasema, "Baba, hizi ni fremu."

Nikamuuliza, "Fremu za madirisha?"

"Za picha, baba. Picha za watu wa hapa."

Nikacheka. Lakini yeye hakucheka. Akavuta kigoda akakaa, na mtu akivuta kigoda bila kukaribishwa ujue amekuja na maneno ya kutosha.

Huyo mama ana studio nyuma ya stendi ya Mpanda, ya picha za pasipoti, mahafali na kipaimara. Ana umri wa binti yangu wa kwanza, ila ni mkali kuliko mimi. Alinieleza kitu ambacho na mimi nilikuwa nakiona kila mwaka bila kukifikiria. Magari ya wageni wanaokwenda mbugani kutazama viboko yanasimama njiani. Wanashuka, wanampiga picha mwanamke anaanika muhogo, wanampiga mchungaji na fimbo yake, wanapunga mkono, wanaondoka. Akasema, "Baba, sura zetu zimezagaa duniani kote, na sisi wenyewe hatunazo. Ingia nyumba kumi hapa, uone ngapi zina picha ya bibi ukutani."

Hata mimi, ya mama yangu sina. Yangu mwenyewe ilikuwa moja tu, ya kitambulisho, ambayo nimetoka kama mtu aliyekamatwa na nyama ya porini. Mpiga picha siku ile alinifokea, "Mzee, onyesha masikio!" Mpaka leo sijui serikali ilitaka kufanya nini na masikio yangu.

Basi ndivyo nilivyoingia kwenye tamasha letu la picha, la kila mwaka. Watu wakisikia tamasha la picha wanafikiri kuna kampuni, kuna magari yenye maandishi ubavuni. Hakuna. Tuko wanne. Yupo huyo mama wa studio, anayepiga na kusafisha picha. Yupo mwalimu mmoja mstaafu, mwenye sauti ya kuita wanafunzi walioko kijiji cha pili, yeye anaandika maneno ya chini ya kila picha. Yupo kijana wa bodaboda, baba wa watoto wawili, anayembeba mama wa studio vijijini kila Jumapili baada ya misa, na siku hizi naye anapiga kwa simu yake, na anapiga vizuri, ila usimwambie. Wa nne ni mimi, wa fremu na kutundika, na mara nyingine wa kushika shuka jeupe nyuma ya anayepigwa picha. Tunatundika kwenye miti pembeni ya uwanja wa mpira, kwa kamba na kulabu zile zile za mizinga. Hakuna mtu Inyonga anayejua kutundika kitu mtini kikatulia kuliko mrina asali, hilo nalisema bila aibu.

Na tuna taratibu zetu. Picha ikishatazamwa kwa siku zote za tamasha, inashushwa inapewa mwenye sura, anakwenda nayo nyumbani na fremu yake. Maneno ya chini anayasema mwenyewe. Mwalimu haruhusiwi kuongeza lake, hata likiwa tamu, na hilo linamuuma sana. Kuna mama mmoja wa tumbaku aliambiwa aseme maneno ya picha yake, akasema, "Andika mgongo unaniuma." Mwalimu akamsihi, "Mama, sema kitu cha kudumu." Akamjibu, "Huu mgongo ndio unaodumu." Yakaandikwa hivyo hivyo, na watu walisimama pale kuliko mahali pengine pote.

Halafu hatuna mgeni rasmi. Viongozi wanakuja, wanakaribishwa sana, wanakaa na watu. Lakini anayefungua tamasha ni mwenye picha kubwa. Kila mwaka tunachagua picha moja, tunaikuza mpaka kimo cha dirisha, tunaifunika kwa kitenge, na mwenyewe anakuja kukivuta. Mtu ambaye hajawahi kuitwa mbele ya watu isipokuwa kwa mtendaji siku ya kesi anaitwa kwa heshima, anasimama mbele ya sura yake.

Sasa nije kwenye mwaka huu ninaotaka kuusema, maana mwaka huu nusura nituaibishe sote.

Picha kubwa tuliyochagua ilikuwa ya mzee mmoja mfugaji, Msukuma, aliyehamia huku na ng'ombe wake zamani kidogo. Mimi na yeye tulijuana vibaya. Ng'ombe wake waliingia kwenye mahindi yangu, ya kuchoma, yale ya kwanza kabisa ambayo mtu umeshaanza kuyahesabu kwa mate. Nilimfukuza mpaka kiatu changu kimoja kikabaki mtoni. Tukapelekana kwa mtendaji, tukakaa kutwa nzima tukitukanana kwa adabu, na jioni tukapatana. Toka siku hiyo tukikutana njiani hatuulizani habari za nyumbani. Yeye ananiuliza, "Mahindi hayajambo?" Mimi namjibu, "Yanakusalimu." Basi, kila mtu anaendelea na safari. Ilikuwa hivyo miaka mingi. Kama huo si urafiki, sijui urafiki ni nini.

Mama wa studio alimpiga picha akiwa ametoka mnadani, kofia kichwani, fimbo mkononi. Alicheka kwenye picha ile, mdomo wazi, pengo la chini linaonekana, macho yamefumba kabisa. Mzee ambaye watu wote walimjua kwa ukimya. Maneno ya chini hakuyasema siku hiyo, alisema atafikiri. Kabla hajamaliza kufikiri akaugua, akafariki. Mjane wake akaenda kukaa kwa mtoto wao mkubwa kule Kibaoni, upande wa Mpimbwe, wanakolima mpunga.

Na hapa ndipo penye ugumu, usinipotee. Mzee yule hakuwa na picha nyingine. Wala moja. Kitambulisho chake alizikwa nacho mfukoni, hakuna aliyekumbuka kukitoa. Na kule Mpanda, umeme ulikatika ukarudi kwa hasira, kompyuta ya mama wa studio ikaungua na picha zote za mwaka ule. Iliyobaki ni ile tu iliyokuwa imeshachapwa, kubwa, kwenye ubao, nyumbani kwangu, nikiitengenezea fremu. Sura ya mtu mzima mwenye watoto saba na wajukuu nisiowajua idadi, imebaki mahali pamoja duniani, na mahali penyewe ni nyuma ya nyumba yangu, karibu na banda la kuku.

Mjane akapigiwa simu aje avute kitenge kwa niaba ya mumewe, kisha aondoke na picha. Akauliza swali moja tu: "Ni yeye kweli?" Akaambiwa ndiye. Akasema anakuja.

Nikaamua fremu hiyo iwe ya pekee. Tamasha tunalifanya kabla ya mvua, miyombo ikichanua, lakini mvua ya kwanza haina adabu, inaweza kushuka wakati wowote. Nikafikiri, picha hii ikilowa tumekwisha. Nikaifunga nyuma kwa mbao pia, ikawa kama sanduku jembamba, na nafasi ya vidole vinne katikati. Halafu nikayeyusha nta, nta yangu nzuri, ya njano, nikapaka fremu yote, nje na ndani, nyuma na pembeni, nikasugua kwa kitambaa mpaka ikang'aa ukajiona. Mke wangu mwenyewe alisema, "Hapa umefanya kazi." Huwa hasemi hivyo. Nililala nikiwa na kichwa kikubwa.

Msomaji ambaye ni mrina asali ameshaniona. Nyie wengine ngoja niwaambie. Tukitaka nyuki waingie kwenye mzinga mpya, tunafanya nini? Tunapaka nta ndani. Ndiyo harufu inayowaita. Nimefanya hivyo toka nikiwa nafundishwa na baba yangu. Na mimi huyo huyo nikachukua mbao za mzinga, nikatengeneza sanduku, nikapaka nta ndani, nikalitundika kwenye muyombo msimu wa maua, nikalifunika kwa kitenge ili liwe na giza zuri. Kisha nikaondoka kwenda kunywa chai.

Mjane alifika mchana wa ufunguzi, amelala njiani Mpanda kwa jamaa zao, kisha basi la asubuhi mpaka kwetu. Mama mwembamba, mrefu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Amevaa nguo ambayo ilionekana imenyooshwa kwa makaa na kufungwa kwenye mfuko, akaibadilishia stendi. Watu walikuwa wamejaa, wakulima, wafugaji, kwaya, sheikh na wazee wake, wanafunzi, hadi wauza maandazi. Mwalimu akamtambulisha kwa ile sauti yake. Akaenda mbele ya mti, akashika pindo la kitenge.

Mimi nilikuwa hatua tano nyuma. Nikasikia. Mtu mwingine angesema ni upepo. Mimi sauti ile nimelala nayo maisha yangu yote.

Nikapiga kelele, "Mayu, usivute!" Mayu ndiyo mama kwa kwao.

Akasimama na pindo mkononi. Nikasogea, nikainua kitenge upande mmoja, taratibu. Nyuma ya picha walikuwa wamejaa, wamening'inia chini ya fremu kama ndevu, na wengine wanatembea juu ya kofia ya mzee, wanaingia na kutoka kwenye tundu la pembeni nililoliacha mimi mwenyewe ili kamba ipite.

Kijana wa bodaboda akaniambia kwa sauti ya chini, "Babu, hapa umeyatimba."

Watu walirudi nyuma bila kuambiwa. Huku kwetu nyuki wanaheshimika. Kila mtu akaleta ushauri wake akiwa mbali. Mmoja akasema washa moto. Nikasema moto chini ya picha moja tu iliyobaki? Mwingine akasema moshi wa kinyesi cha ng'ombe. Moshi utaipaka masizi, na joto litayeyusha nta imwagikie sura. Kijana wa bodaboda alikuwa ameshakimbia dukani, amerudi na kopo la dawa ya mbu.

"Weka chini," nikamwambia.

"Babu, ni kupuliza mara mbili tu, wanalala."

"Ukipuliza hiyo nitalala na mimi, na wewe utalala baada yangu."

Mwalimu akasema tusubiri giza liingie, ndivyo warina wanavyofanya, nyuki wakitulia. Kwa kawaida ni kweli. Lakini kufika giza wangekuwa wameanza kujenga. Nyuki wakianza kujenga wanabandika masega popote, na hao walikuwa kwenye uso wa mtu. Mama wa studio alikuwa amesimama mikono kichwani. Yeye ndiye aliyempigia simu mjane, yeye ndiye aliyemwahidi. Akaniangalia tu. Heri angenifokea.

Mjane peke yake hakurudi nyuma. Alikaa chini, pale pale kwenye nyasi, akanyoosha miguu.

Nikamwambia, "Mayu, sogea kidogo, watakuuma."

Akasema, "Nimetoka Kibaoni. Mtu hatoki Kibaoni aje asogee." Kisha akauliza, "Nani alipaka nta?"

Nikasema, "Mimi."

"Wewe ndiye mrina asali?"

"Ndiye."

Akasema, "Basi toa nyuki wako kwenye mume wangu."

Watu wakacheka kule nyuma, hata kwaya. Mimi sikucheka.

Lakini kuna kitu nilikuwa nakijua. Nyuki walio safarini si sawa na nyuki wenye nyumba. Wamejaza asali tumboni, hawana watoto, hawana akiba ya kulinda. Wana upole wa wageni waliofika usiku huu na bado hawajafungua mizigo. Nikamtuma kijana wa bodaboda nyumbani, "Lete mzinga mpya ulio uvunguni na majani ya mchaichai, mke wangu anajua ulipo." Alikwenda na kurudi kabla sijamaliza kuvua shati. Shati nilivua kwa sababu nyuki akiingia kwenye mkono wa shati anaogopa, na akiogopa anauma. Mzee wa umri wangu, tumbo wazi mbele ya mkoa mzima. Mke wangu alifika akaniona, akajifunika uso kwa khanga.

Nikasugua mzinga kwa mchaichai, nikaushikiza kwenye tawi, mdomo wake karibu na fremu. Kisha nikaingiza mkono, mtupu, chini ya ile ndevu ya nyuki. Wana joto, kama shavu la mtoto mwenye homa. Nikachota fungu la kwanza, nikalilaza mlangoni mwa mzinga. Nikachota la pili. Sikuwa na haraka. Niliumwa mara mbili, moja kwenye sikio, nikamkumbuka yule mpiga picha wa kitambulisho. Nilikuwa namtafuta malkia, kwa sababu anapokwenda yeye wanakwenda wote. Fungu la nne au la tano, nikamwona, mrefu, anatembea kama mtu aliyeitwa mbele ya watu. Nikamlaza mlangoni. Akaingia.

Tukasubiri. Na huko kusubiri ndiko ninakojivunia kuliko yote. Uwanja mzima, watu ambao wiki iliyotangulia walikuwa kwa mtendaji kwa ajili ya malisho, walikaa chini mbali, kimya, wakatazama nyuki wanatembea mstari kutoka kwa mzee mmoja kwenda kwenye mzinga. Hakuna aliyeondoka. Hakuna aliyerusha jiwe. Mwalimu alikuwa anawaeleza waliokuwa nyuma kinachoendelea, kwa kunong'ona, na kunong'ona kwake kulisikika mpaka sokoni.

Jua liliposhuka kwenye miti, fremu ilikuwa tupu. Nikaziba mzinga, nikaishusha picha, nikailaza kwenye magoti ya mjane. Nzima. Ila pale kwenye pindo la kofia nyuki walikuwa wameshaweka mstari wa nta mpya, nyeupe, mwembamba kama uzi. Mama wa studio akasema, "Uache, mama, umependeza, ni kumbukumbu."

Mjane akasema, "Kumbukumbu ya nani? Mume wangu alikuwa mtu msafi." Akatemea mate ncha ya khanga yake, akaufuta, polepole, mpaka ukaisha. Akaendelea kufuta hata palipokuwa safi, shavuni, kwenye macho yale yaliyofumba.

Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Alikuwa anacheka nini?"

Mama wa studio akasema yeye aliona tu kicheko kimetoka, akabonyeza.

"Miaka yote hiyo," mjane akasema, "hajanichekea hivi mimi. Nataka kujua."

Nikasema, "Mayu, nilikuwa nyuma yake. Nilishika lile shuka jeupe la nyuma, halikuwa na pa kufungwa. Alikuwa amekauka kama gogo. Nikamwambia kwa sauti ndogo, kutoka nyuma ya shuka, mahindi yanakusalimu."

Akainua kichwa. Akanitazama kutoka miguuni mpaka kwenye sikio lililovimba.

"Wewe ndiye wa mahindi?"

"Ndiye."

"Yule wa kiatu?"

"Alikuambia na habari ya kiatu?"

Akaanza kucheka. Alicheka na mdomo wazi, macho yamefumba, sawa na yule aliyelala magotini mwake. Akituliza kicheko, akiniangalia tu kinaanza tena. "Kila mwaka mahindi yakikomaa ananisimulia," akasema. "Watoto wote wanakujua. Nilifikiri wewe ni mtu mkubwa, mnene." Akapangusa machozi kwa khanga ile ile. "Wabeja. Wabeja sana." Hayo ni ahsante. Akamgeukia mwalimu. "Maneno ya chini anayasema nani, mwenyewe akiwa hayupo?"

Mwalimu akasema, "Wewe, mama."

Akayasema. Mwalimu akayaandika, kwa mwandiko wake wa ubaoni, bila kuongeza wala kupunguza, ingawa niliona kalamu inawasha mkononi. Kisha mjane akasimama, nikaitundika tena picha, akaifunika kwa kitenge, akakivuta, na tamasha likafunguliwa, jioni kabisa, kwa makofi ambayo sijawahi kuyasikia uwanjani pale hata timu yetu ilipofunga.

Picha ilibaki mtini siku zote za tamasha, na yeye alibaki kwetu, mke wangu akampa kitanda cha binti yetu. Asubuhi ya mwisho tukamsindikiza stendi sote wanne. Nyuki wako nyuma ya nyumba, hawajaondoka mpaka leo. Fremu niliiziba tundu usiku ule ule wa ufunguzi, nikaikwangua nta yote.

Kondakta alitaka mzigo uende kwenye buti. Mjane akakataa, akaiweka picha kiti cha dirishani, yeye akakaa pembeni yake. Kondakta akainama, akasoma kwa sauti yale maneno ya mwalimu: "Hapa baba wa watoto wangu anasalimiwa na mahindi."

Akauliza, "Mama, mahindi gani yanasalimia watu?"

Basi likiwa limeshaanza kusogea, mjane akanyoosha mkono kupitia dirishani, juu ya bega la mumewe, akaninyooshea kidole.

"Yale pale," akasema. "Yamesimama."

Nikasimama vizuri zaidi.